Mifinyo ya Mzunguko: Kutoka Ndoo ya Duara hadi Kaboni ya Dhahabu

Mfinyo wa mzunguko ni kanuni inayohamisha vitu kati ya pande mbili, kwenda na kurudi, na katika kila uhamisho umbali kati ya kitu cha upande huu na kitu cha upande ule hupungua. Kilichoko upande A hupelekwa B, kilichoko B hupelekwa A. Vitu viwili vya upande mmoja havibanwi na sharti lolote: vinaweza kusogeleana au kutawanyika. Sharti linapima ng'ambo kwa ng'ambo tu. Swali la nadharia nzima ni moja: kanuni ya namna hiyo ikirudiwa bila kikomo, vitu vinaishia wapi?

Mfano wa kuonekana kwa macho upo kwenye maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo, katika ukanda wa dhahabu unaotoka Geita mjini kupita Katoro na Buseresere hadi Chato. Ndoo ya mawe hupandishwa kwa kamba na winchi. Winchi ikisimama ndoo ikiwa bado njiani, ndoo hubembea. Inafika mwisho wake kulia, inageuka, inafika mwisho wake kushoto, inageuka tena. Anayetaka kuuelewa mwendo huu hana haja ya kuandika kila mahali ndoo ilipopita. Inatosha kuandika vituo vya kugeukia. Umbali wa kituo toka katikati uandikwe kwa mita, kulia ukiwa chanya na kushoto ukiwa hasi. Kila kituo cha kulia kinazaa kituo cha kushoto, na cha kushoto kinazaa cha kulia. Seti A ni namba zote kuanzia sifuri kwenda juu, seti B ni namba zote kuanzia sifuri kwenda chini, na kanuni T ndiyo inayotoa kituo kinachofuata.

Kabla ya pande mbili kulikuwa na upande mmoja. Stefan Banach, mwanahisabati wa Poland aliyezaliwa Kraków mwaka 1892, aliwasilisha tasnifu yake Lwów mwaka 1920, nayo ikachapishwa 1922. Ndani yake mna nadharia inayobeba jina lake hadi leo. Kanuni T ikifinya umbali wote wa nafasi kwa kiasi kisichozidi k, ambapo k ni namba ndogo kuliko 1, na nafasi yenyewe ikiwa kamili, basi ipo nukta moja tu ambayo T haiihamishi. Hiyo ndiyo nukta tuli. Nafasi kamili ni nafasi isiyo na tundu: mfululizo ambao hatua zake zinazidi kukaribiana bila mwisho daima una mahali pa kufikia. Uzuri wa nadharia hii ni kwamba haitangazi kuwapo kwa nukta tuli na kumwacha msomaji aitafute gizani. Inatoa njia ya kuifikia, yaani kuanza popote na kurudia T, na inatoa kipimo cha kosa lililobaki baada ya kila hatua.

Ila sharti la Banach ni zito. Linadai kila jozi ya nukta ifinywe, na kanuni inayofinya kila jozi haina budi kuwa mwendelevu: haiwezi kuruka ghafla. Mifumo mingi ya kwenda na kurudi haina upole huo. Mwaka 2003 W. A. Kirk, P. S. Srinivasan na P. Veeramani walichapisha matokeo yanayolegeza sharti hilo kwa namna ambayo, mtu akishaiona, hushangaa kwamba ilichukua miaka 80. Seti A na B ziwe zimefungwa, yaani kila moja iwe na mipaka yake ndani yake, na ziwe katika nafasi kamili. T ipeleke A ndani ya B, na B ndani ya A. Kwa kila x ya A na kila y ya B, umbali kati ya Tx na Ty usizidi k mara umbali kati ya x na y. Basi T ina nukta tuli moja tu, nayo imo katika A na B kwa pamoja.

Uthibitisho ni mfupi kiasi cha kuingia katika mhadhara. Anza na nukta yoyote ya A na urudie T. Hatua mbili zinazofuatana daima ziko pande tofauti, kwa hiyo sharti la ng'ambo kwa ng'ambo linazishika kila mara, na umbali kati yao unapungua kwa k, kisha k mara k, kisha zaidi. Mfululizo unakusanyika mahali fulani z. Hatua zake zisizo na mwisho zimo katika A, na nyingine zisizo na mwisho zimo katika B. Seti zote mbili zimefungwa, kwa hiyo z imo katika zote mbili. Hapa kuna jambo la kutazamwa mara mbili: hakuna aliyesema mwanzoni kwamba A na B zinakutana. Kukutana kwao kumetokana na mfinyo wenyewe. Ndani ya eneo la makutano kila jozi ni ya ng'ambo kwa ng'ambo, na pale Banach anamalizia kazi. Makutano hayo yanaweza kuwa membamba mno, kama mpaka wa wilaya unaopita kati ya Katoro, iliyoko Geita, na Buseresere, iliyoko Chato, ilhali nyumba za miji hiyo miwili zimeshaungana.

Kwa ndoo, makutano ya kulia na kushoto ni sifuri peke yake. Chukua kwamba kila nusu ya mbembeo inabakiza sehemu 9 kati ya 10 za umbali, yaani Tx = −0.9x. Ndoo iliyoachwa mita 1 kulia itageukia sentimita 90 kushoto, kisha 81 kulia, kisha karibu 73 kushoto. Inachukua nusu-mbembeo 22 kushuka chini ya sentimita 10. Kamba ikiwa na urefu wa mita 10, mbembeo mzima huchukua takriban sekunde 6.3, kwa hiyo nusu-mbembeo 22 ni sekunde 70 hivi. Muda wa mbembeo hautegemei uzito wa mawe, jambo ambalo wengi hukataa kuliamini hadi walipime.

Uhuru wa kutokuwa mwendelevu unaonekana hapahapa. Kuta za duara hushikiliwa na magogo yaitwayo matimba, na ndoo ikibembea kupita kiasi hugonga gogo na kupoteza nguvu kwa mara moja. Mbembeo ulio mfupi kwa sentimita moja tu haugongi. Kanuni T ina mruko: vituo viwili vinavyokaribiana sana upande wa kulia vinazaa vituo vilivyoachana sana upande wa kushoto. Banach hawezi kuigusa kanuni hiyo. Nadharia ya 2003 haijali. Alimradi umbali unaobaki hauzidi 0.9 ya ule wa awali, iwe ndoo imegonga au haikugonga, ndoo itafika katikati. Kwa hisabati mtu anaweza kutia chumvi hadi mwisho: kila namba ya sehemu izidishwe kwa nusu, na kila namba isiyoandikika kama sehemu izidishwe kwa robo, kisha zote zibadilishwe upande. Kanuni hiyo imekatikakatika kila mahali isipokuwa kwenye sifuri, na bado ni mfinyo wa mzunguko wenye k sawa na nusu.

Hewa, kwa kweli, haipunguzi mwendo kwa uwiano uleule siku zote. Kitu kikubwa kama ndoo kinapokata hewa, ukinzani hukua karibu na mraba wa mwendo. Mbembeo mpana hupoteza sehemu kubwa ya upana wake, mbembeo mwembamba hupoteza kidogo mno. Kwa makadirio, kituo x kinazaa kituo chenye umbali x ÷ (1 + cx) upande wa pili, ambapo c hutegemea umbo la ndoo na uzito wake. Ikiwa c ni 0.1 kwa mita, hatua ya kwanza inafanana sana na ile ya awali: kutoka mita 1 hadi sentimita 91. Tofauti inakuja baadaye. Kushuka hadi nusu mita kunachukua nusu-mbembeo 10. Kushuka kutoka hapo hadi robo kunachukua 20, na nusu inayofuata 40. Sentimita 10 zinafikiwa baada ya nusu-mbembeo 90, karibu dakika 5, badala ya sekunde 70. Mtu mwenye saa mkononi anaweza kutofautisha aina mbili za ukinzani bila chombo kingine.

Hapa hakuna k moja iliyo chini ya 1 inayotosha kwa vituo vyote, maana ukikaribia katikati uwiano unakaribia 1. D. W. Boyd na J. S. W. Wong walitoa dawa ya ugonjwa huu mwaka 1969 kwa kanuni za upande mmoja, na waliofuata, miongoni mwao Mădălina Păcurar na Ioan Rus mwaka 2010, waliipeleka kwenye mizunguko. Badala ya k kunawekwa kanuni ndogo inayotoa umbali mpya kutoka umbali wa zamani, na sharti lake kuu ni kwamba itoe daima kilicho pungufu. Kwa ndoo yenye ukinzani wa mraba, umbali t kati ya kituo cha kulia na cha kushoto hauzidi t ÷ (1 + ct/2) baada ya hatua moja. Hiyo inatosha. Ndoo inafika katikati, ila kipimo kizuri cha kosa alichokitoa Banach kimepotea, na kasi ya kufika nayo imepotea. Ni bei halali.

Msuguano mkavu, kama wa kamba inayojikwaruza juu ya gogo, ni habari nyingine kabisa. Unapunguza kiasi kilekile kila mara, si uwiano, kisha unakamata. Ndoo inaweza kusimama sentimita 2 kulia na kubaki hapo, au sentimita 1 kushoto na kubaki hapo. Nukta tuli ni nyingi, ng'ambo hairukwi tena, na nadharia zote zilizotajwa zinanyamaza.

Hadi sasa pande mbili zilikutana. Mifumo ya maana zaidi ni ile ambayo hazikutani, na hapo ndipo karatasi ya A. Anthony Eldred na P. Veeramani ya mwaka 2006 inapoingia. A na B zikiwa na mwanya kati yao, hakuna nukta tuli: kinachoruka kila mara hakiwezi kutulia. Kinachoweza kutafutwa ni nukta ya ukaribu bora, yaani x ya A ambayo umbali wake hadi Tx ni sawasawa na mwanya wenyewe. Sharti linabadilika kidogo. Umbali mpya usizidi k mara umbali wa zamani, ukijumlishwa na (1 − k) mara mwanya. Kwa maneno mengine, kinachofinywa ni ziada juu ya mwanya. Mwanya wenyewe hauguswi.

Saa ya penduli ni mfano unaolingana na sharti hili bila kubaki hata chembe. Christiaan Huygens aliibuni mwaka 1656. Penduli yake hupoteza nguvu kama ndoo, lakini kila nusu ya mbembeo meno ya gurudumu huipa msukumo mdogo. Chukua kwamba kila nusu-mbembeo hubakiza 0.9 ya upana, kisha msukumo unaongeza nyuzi 0.4. Kituo cha kulia x kinazaa kituo cha kushoto −(0.9x + 0.4). Upana ambao hupoteza kiasi kilekile unachopewa ni nyuzi 4, kwani sehemu ya kumi ya 4 ni 0.4. Seti A iwe vituo vyote kuanzia nyuzi 4 kulia kwenda mbele, na B vituo vyote kuanzia nyuzi 4 kushoto. Mwanya ni nyuzi 8. Penduli iliyoachwa kwenye nyuzi 10 inageukia 9.4 kushoto, kisha 8.86 kulia. Umbali wa kwanza ni 19.4, wa pili 18.26, na 18.26 ni sawasawa na 0.9 × 19.4 + 0.1 × 8. Penduli inashuka taratibu hadi kubembea kati ya 4 na 4, na hapo inadumu. Saa haitulii kamwe, na kutotulia huko kwa mpangilio ndiko kunakoifanya iwe saa.

Penduli iliyoachwa kwenye nyuzi 1 hupanda hadi 4 vilevile, lakini haimo katika A, na ukaribu bora hauna la kusema juu yake, kwa kuwa inaukaribia mwanya kutoka ndani. Mwandishi wa kitabu cha kiada hupenda kuruka kasoro hii. Isirukwe: nadharia inaeleza nusu ya tabia ya saa, na nusu nyingine inahitaji chombo kitakachotajwa mbele kidogo.

Hesabu hiyohiyo inatokea kwenye biashara. Muuzaji wa dhahabu hashuki chini ya shilingi elfu 105 kwa gramu, mnunuzi hapandi juu ya elfu 100, na kila mmoja hujibu kwa kujitenga na mpaka wake kwa nusu ya ziada aliyoiona kwa mwenzake. Muuzaji akianza na 121, mnunuzi anasema 92, muuzaji 109, mnunuzi 98, muuzaji 106, mnunuzi 99.5. Wataendelea kukaribia 105 na 100 na hawatauziana. Namba hizi ni za mfano. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, mazungumzo ya namna hiyo yana bei elekezi ya kuyabana.

Nadharia ya 2006 inahitaji kitu ambacho ile ya 2003 haikuhitaji: umbo zuri la nafasi. Seti lazima ziwe mbinuko, yaani mstari unaounganisha nukta mbili za seti usitoke nje yake, na kipimo cha umbali kiwe na uviringo, kama kile cha rula ya kawaida. Sababu inaonekana kwa mfano mmoja. Chora vijiti viwili vya wima, kila kimoja cha urefu 1, vikiachana kwa 1. Pima umbali kwa kuchukua tofauti iliyo kubwa kati ya ile ya mlalo na ile ya wima. Kwa kipimo hiki kila nukta ya kijiti cha kushoto iko umbali wa 1 kutoka kila nukta ya kijiti cha kulia. Kanuni yoyote inayobadilishana vijiti, hata iwe ya kichaa, inatimiza sharti, kila nukta ni ya ukaribu bora, na mfululizo unaweza kurandaranda milele. Kwa kipimo cha rula, sharti lilelile linalazimisha mfululizo wa hatua za shufwa ufike kwenye nukta moja. Anayeunda mfano wa mtambo asichague kipimo cha umbali kwa urahisi wa kuhesabu tu.

Uchenjuaji wa dhahabu unatoa mzunguko mzito zaidi. Marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya karasha na zebaki, huwekwa kwenye matangi ya sayanaidi, na dhahabu iliyoyeyuka hunaswa na kaboni ya vifuu vya nazi. Kaboni iliyoshiba hupelekwa kwenye mtambo wa elusheni, ambako kimiminika cha moto chenye soda kali huing'oa dhahabu. Kisha kaboni hurudi kwenye matangi. Inashiba, inavuliwa, inashiba, inavuliwa.

Elusheni ibakize sehemu ya kumi ya dhahabu kwenye kaboni. Tangi lizibe robo tatu ya pengo kati ya dhahabu iliyopo na kiwango cha juu cha gramu 2,000 kwa tani ya kaboni. Namba hizi nazo ni za kufundishia. Kaboni mpya inatoka tangini na gramu 1,500, inavuliwa hadi 150, inarudi na 1,537.5, inavuliwa, inarudi na 1,538.4. Mzunguko wa tatu na kaboni imeshazoea: karibu 1,538.5 ikishiba na 153.8 ikivuliwa.

Je, huu ni mfinyo wa mzunguko wa Eldred na Veeramani? Hapana, na inafaa kuona kwa nini. A iwe kutoka 1,500 hadi 2,000, na B kutoka 150 hadi 200. Elusheni inaipeleka A ndani ya B, tangi linaipeleka B ndani ya A, lakini mwanya kati ya seti ni 1,300 ilhali kaboni inatulia kwenye tofauti ya karibu 1,385. Haitafuti ukaribu bora. Kinachofinya ni safari nzima: kwenda na kurudi kwa pamoja kunafinya tofauti kati ya kaboni mbili zilizoshiba kwa 0.1 × 0.25, yaani 0.025. Safari nzima ni kanuni ya upande mmoja, na Banach wa 1922 anatosha. Hicho ndicho chombo kilichohitajika kwa penduli ya nyuzi 1: ukitazama vituo vya kulia peke yake, kanuni inafinya kwa 0.81 popote penduli ilipoachwa.

Hesabu hii ina matunda kwa mwenye mtambo. Elusheni mbovu inayobakiza nusu inaifanya kaboni itulie kwenye 1,714 ikishiba na 857 ikivuliwa. Anayepima kaboni iliyoshiba tu ataona imebeba dhahabu zaidi kuliko ya jirani na kufurahi. Dhahabu anayoipata kwa kila mzunguko ni gramu 857 kwa tani, jirani anapata 1,385.

Hatua zikiwa tatu au zaidi, picha inabaki ileile. Kaboni iliyotumika sana hupitishwa kwenye tanuri la nyuzi 700 za Selsiasi hivi ili irudishiwe nguvu ya kunasa, na mzunguko unakuwa tangi, elusheni, tanuri. Kirk na wenzake waliiandika nadharia yao kwa idadi yoyote ya seti zinazofuatana kwa duara, na chini ya sharti lao zote hukutana kwenye nukta moja. Kaboni haina nukta ya namna hiyo, kwa hiyo hesabu inarudi kwenye zao la mifinyo: 0.25 ya tangi, 0.1 ya elusheni, na chochote cha tanuri. Hatua moja inaweza hata kupanua tofauti, alimradi zao la hatua zote libaki chini ya 1.

Mawe hayafanani siku zote, na kiwango anachokidhania mhesabu hakidumu. Kanuni ya kila mzunguko ikitofautiana na kanuni ya kawaida kwa kiasi kisichozidi e, mfumo hautulii mahali pamoja, lakini mwishowe hauondoki zaidi ya e ÷ (1 − k) kutoka nukta tuli ya kanuni ya kawaida. Mtikisiko wa gramu 75 kwa mzunguko unaihamisha kaboni ya elusheni nzuri kwa gramu 77 tu, na ile ya elusheni inayobakiza nusu kwa gramu 86. Mfumo ambao k yake ni 0.9, kama ndoo ya kwanza, ungeweza kusukumwa hadi 750 na mtikisiko uleule.